Siku Wapimaji Walipokuja Ofisini kwa Mama

7 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeweka nadhiri ya kukuandikia kila kitu bila kuficha hata kimoja, kwa sababu mara ya mwisho ulilalamika kwamba barua yangu ilikuwa na salamu nyingi kuliko habari. Mwalimu wetu wa Kiswahili naye husema barua ya salamu tupu ni sawa na mtu aliyepiga hodi, akakaribishwa, kisha akabaki amesimama mlangoni. Basi mimi nimeingia na nimeketi.

Hatujambo. Baba yuko safarini na lori lake, alipiga simu juzi na anakusalimu. Habari yenyewe ni hii: ofisini kwa Mama walikuja wageni.

Unajua kwamba kila siku nikitoka shule napitia pale ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, maana Mama ndiye anayekaa na ufunguo wa nyumba tangu mimi nilipopoteza ule wa kwanza. Basi mkuu wao, yule tunayemwita Mzee Utaratibu, aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kwamba wizara imeajiri washauri waelekezi, na kwamba hao washauri watakuja kuwatazama wanavyofanya kazi kabla ya kuletwa mfumo mpya wa kompyuta.

"Sitaki aibu," akasema.

Mama Pacha, anayekaa dirisha la pili, akamuuliza, "Wanakuja kutazama kazi au kututazama sisi?"

"Vyote viwili. Kwa hiyo chana nywele."

Shangazi, ofisi iligeuka. Kaunta ilisuguliwa mpaka ikaonyesha sura za watu. Mzee Utaratibu aliyatoa mapazia nyumbani kwake akayatundika mwenyewe, na kesho yake mkewe akaja kuuliza mbele ya watu wote yeye sasa abadilishie nguo wapi. Mama alilipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili.

Siku walipofika hatukuwa na masomo, kwa hiyo nilishinda pale. Wageni walikuwa vijana wawili na mama mmoja mpole asiyesema sana. Kila mmoja alikuwa na kishikwambi. Mtu akiketi mbele ya Mama, wanagusa kioo. Akiinuka, wanagusa tena. Na Mama alikuwa kama fundi cherehani aliyebanwa na wateja: karatasi, sahihi, mhuri, asante, anayefuata. Kabla ya chakula cha mchana benchi lilikuwa tupu, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Yule mama mpole akamwambia, "Hongera dada, una mikono myepesi." Jioni Mama alikuwa akiyarudia maneno hayo jikoni, akiiambia sufuria.

Nina swali. Wageni walivaa vitambulisho shingoni vyenye nembo kama ile iliyo kwenye bahasha zako. Ni wenzako?

Mwanao,
Chiriku


18 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba mwanangu. Siku nzima natazama kioo cha kompyuta, na barua yako ndiyo kitu pekee ninachokisoma nikiwa nimenyoosha miguu. Nimecheka peke yangu kwa ajili ya yale mapazia, mpaka kijana wa meza ya jirani akaniuliza kama niko salama.

Ndiyo, ni wenzangu. Lakini kampuni ni kubwa na kila mtu ana kona yake, kwa hiyo usidhani najua kila aendako kila mtu. Kazi za watu zina kuta, mwanangu, na kuta hizo hatuzitoboi kwa barua.

Hebu nikupe zoezi ambalo hata mwalimu wenu atalipenda. Umenieleza vizuri siku ya sherehe. Siku ya sherehe kila mtu anaiweza. Sasa nieleze siku ya kawaida ofisini kwa mama yako, siku isiyo na mapazia. Nani anaketi kwenye lile benchi? Wanataka nini? Andika ulichokiona tu, usipambe.

Mfikishie wifi yangu hongera zangu. Ila usimwambie nimekuuliza hayo mengine. Unamjua alivyo, atadhani namchunguza.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Zoezi nimelifanya kwa siku ya jana, na sikupamba.

Nilipofika, dirishani kwa Mama aliketi bibi mmoja na mjukuu mchanga mgongoni. Mama wa mtoto alifariki alipokuwa anajifungua nyumbani, kwa hiyo hakuna kadi ya kliniki, hakuna karatasi yoyote, kuna mtoto tu. Mama alitoka nyuma ya kaunta akaketi naye kwenye benchi. Akampigia simu mkunga, simu ikawa haipatikani. Akampigia mwenyekiti wa mtaa wao, huyo akasema yuko kwenye mkutano. Mtoto akaanza kulia, Mama akambeba, wakangoja. Watu wa nyuma waliguna, Mama Pacha akawaambia, "Gunieni kwangu huku, dirisha langu halina mtoto." Mwenyekiti alikuja baadaye akatoa ushahidi, na mtoto akaandikwa. Bibi yule alikuwa ameshakuja siku ile ya wageni, lakini Mzee Utaratibu alimwambia mlangoni arudi baadaye, kwa sababu kesi ngumu zingeharibu mwendo. Siku ile alikuwa anasimama mlangoni anatazama karatasi za kila mtu, na aliyekamilika ndiye aliyeingia. Wengine wote walipangiwa tarehe nyingine, na wengi wao ndio waliojaa kwenye benchi jana.

Baada ya bibi alikuja babu mmoja kuandikisha kifo cha mkewe. Mama alimuuliza jina la marehemu, babu akaanza kueleza jinsi mkewe alivyokuwa akimfichia kofia ili asitoke jioni. Mama aliweka kalamu chini akamsikiliza habari yote ya kofia. Hakumuuliza tena. Babu alipokuwa tayari, akalitaja jina mwenyewe, na hapo ndipo Mama akaandika.

Tulipofunga, benchi bado lilikuwa na watu. Waliambiwa warudi leo.

Kuna tetesi kwamba italetwa mashine ya kugusa ambayo mtu atajiandikisha mwenyewe. Mama amefurahi sana. Nimemchorea vitufe vyote vya kompyuta kwenye kipande cha boksi, na jioni anafanya mazoezi ya kuchapa akiwa amefumba macho. Herufi za pembeni bado zinamshinda, lakini hataki nimwambie.

Natumaini zoezi limetosha. Sijamwambia kama ulivyoagiza, ingawa sikuona sababu.

Mwanao,
Chiriku


20 Aprili

Wifi,

Salamu. Mimi ni mzima, kaka yako ni mzima, mtoto anasoma.

Leo tumesomewa ripoti. Ofisi yetu itabaki na watu wawili na mashine. Sisi wanne tutapewa barua za kuachishwa mwisho wa nusu mwaka. Mzee Utaratibu alisoma majina kwa sauti, na alipofika kwenye langu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena, kana kwamba miwani ndiyo iliyokosea. Kwenye jalada la ripoti pana nembo yenu.

Nimerudi nyumbani nimemwambia mtoto, akaanza kulia kabla sijamaliza. Akanieleza mwenyewe kwamba ulimwomba akuandikie mambo ya ofisini kwetu, na kwamba ulimwambia anifiche. Wifi, miaka yote hii umekula kwangu, umelala kwangu, umenisuka nywele. Ulikuwa na mdomo wa kuniuliza mimi. Kwa nini ulimtuma mtoto achungulie sufuria ya mama yake?

Namkumbuka yule bibi na mjukuu wake. Namkumbuka yule babu. Sasa najua kwamba kuketi nao kumeandikwa mahali kwamba ni uvivu wangu.

Watu wanasema mlichopewa ninyi kwa kututazama kingetulipa sisi mpaka tuzeeke. Mimi sikuhesabu na sitaki kuhesabu. Ninachojua ni kwamba mlipokuja tuliwapa viti vyetu, sisi tukasimama.

Sigombani. Wifi na wifi hawagombani, wanaambiana. Basi nimekuambia. Mtoto ataendelea kukuandikia salamu akipenda, ila mambo ya ofisini kwangu yaishie hapa.

Wifi yako


29 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nimeona ni haki yangu kusimama.

Kosa la kumwambia mtoto akufiche ni langu, sina cha kulifunika. Lakini lile la yule bibi na yule babu umelielewa kinyume, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Namba za ofisi yenu zililetwa mezani kwangu. Mimi ndiye ninayejumlisha. Zilisema kwamba kila mtu anayeketi dirishani anahudumiwa kabla kiti hakijapata joto, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekosa karatasi. Wifi, mimi niliwahi kukaa kaunta kama yako nilipoanza kazi wizarani. Nikajua hakuna ofisi ya vizazi na vifo isiyo na mtu anayelia. Ndipo nikamuuliza mtoto. Ningekuuliza wewe, ungenijibu kama mwenyeji: karibu, hatujambo, mambo shwari.

Barua ya Chiriku ilinifungua macho. Mliwazuia wenye shida mlangoni ili wageni wasione nyumba imevurugika. Nyumba yoyote ya heshima ingefanya hivyo. Lakini wale hawakuja kama wageni. Mliwatandikia kitanda kizuri, nao wakaenda kuandika kwamba kila anayelala hapa analala vizuri, kwa hiyo vitanda vingine viuzwe.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia wifi yangu yuko ofisi hiyo na siku ile haikuwa ya kawaida, tukapime tena. Akaniuliza, "Una ushahidi, au una wifi?" Kwangu mimi vyote viwili ni mtu mmoja. Akasema wizara imelipia ziara moja, na ziara moja imefanyika.

Nilipokuwa wizarani niliyasema mambo kama haya bure, na hakuna aliyenigeukia. Nikahamia kampuni, nikayasema yaleyale kwa bei, watu wakaanza kutikisa vichwa na kuandika. Nikadhani nimepata sauti. Kumbe bei ndiyo iliyokuwa ikisikilizwa.

Sasa sikiliza. Kabla ya wizara kupitisha ripoti, mkuu wa kila ofisi ana nafasi ya kusema kama kipimo kilikuwa sahihi. Nafasi hiyo inafungwa mwisho wa mwezi ujao, na wengi hawajui hata kama ipo. Mzee Utaratibu akiandika kwamba siku ile haikuwa ya kawaida, ni lazima mpimwe upya. Akinyamaza, imekwisha. Mimi siwezi kulisema kwa niaba yenu. Kila nikifungua mdomo wanamsikia wifi. Na ninyi mkilisema, mtakuwa mnakiri kwamba mliwafanyia watu wa serikali maigizo. Najua ninachokuomba.

Mashine iacheni ije. Mashine si adui yako. Endelea na zile herufi za pembeni.

Wifi yako, ambaye bado anakuita hivyo


24 Mei

Chiriku wangu,

Hujambo mwanangu? Nimesikia kwamba Mzee Utaratibu ameandika wizarani, na kwamba mtapimwa tena. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mpe mama yako mkono, umwambie hana haja ya kunijibu.

Huku mvua zimekuwa nzuri. Paka wa jirani amezaa kwenye kikapu changu cha nguo na sina moyo wa kumhamisha. Siku hizi naamka jua limeshatoka, nasoma kidogo, nimepanda mboga kwenye ndoo mbovu. Nimegundua kwamba nyumba yangu hupata mwanga mzuri sana asubuhi. Miaka yote sikujua.

Soma kwa bidii. Usiache kuandika.

Shangazi yako


16 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nadhiri yangu ya kusema kila kitu bado ipo, na leo ina kazi mbili: kukueleza ambayo hukuyasikia, na kukuuliza ambayo hukuyasema.

Barua yako kwa Mama ilipofika, kwa siku kadhaa alijifungia jikoni jioni. Aliosha hata vyombo vilivyokuwa safi. Kisha Ijumaa moja alinichukua tukaenda ofisini mapema kabla hawajafungua mlango, nami nikaketi kwenye benchi na begi langu. Wote walikuwepo.

Mama akasema, "Mzee, siku ile haikuwa yetu."

"Ilikuwa siku nzuri," akajibu Mzee Utaratibu.

"Ndiyo maana nasema haikuwa yetu."

Mama Pacha akadakia, "Hata mapazia hayakuwa yetu, Mzee. Muulize shemeji."

Hakuna aliyecheka. Mzee Utaratibu akaketi. Akasema amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kwamba tangu ujana wake hajawahi kuandikiwa onyo. Leo wanataka yeye mwenyewe aiandikie wizara kwamba aliwafanyia wageni maigizo? Alisema kwa sauti ya chini sana, Shangazi, nami nilimhurumia. Alikuwa anamtazama Mama kama mtu anayeomba asisukumwe.

Mama akamwambia, "Basi andika kwamba niliigiza mimi. Jina langu limeshasomwa, halitaumia zaidi ya hapo. Au niache niandike mwenyewe."

Mzee akasema, "Utaratibu haumruhusu karani kuiandikia wizara akimruka mkuu wake." Akavuta karatasi, akaandika yeye, kwa jina lake, na hakumtaja mtu mwingine yeyote. Mama alitoka nje akaegemea ukuta mpaka alipoweza kurudi ndani.

Kupimwa kwa mara ya pili kulichukua wiki nzima. Safari hii hawakuja wa kampuni peke yao. Wizara ilileta pia watu wake wa takwimu, ambao Mama Pacha anasema walikuwa wamekaa ghorofa ya pili ya wizara miaka yote wakingoja mtu awaite. Mlango uliachwa wazi. Waliingia wenye karatasi na wasio na karatasi. Siku ya tatu waliingia baba na mama vijana waliofiwa na mtoto ambaye walikuwa hawajamwandikisha hata kuzaliwa, kwa hiyo Mama alilazimika kumwandika mara mbili kwa siku moja, kwanza kwamba alikuja, kisha kwamba ameondoka. Mmoja wa vijana wa vishikwambi aligusa kioo walipoketi, na walipoinuka alisahau kugusa. Mwenzake akamkumbusha, akasema, "Niache kwanza."

Majibu yametoka wiki iliyopita. Mashine inakuja. Madirishani watabaki watu wanne, na Mama ni mmoja wao. Mama Pacha na mwenzake mmoja wanahamishiwa wodi ya wazazi hospitalini ili watoto waandikwe palepale wanapozaliwa. Mama Pacha amenung'unika kidogo, akasema alidhani habari za wodi alizimaliza na pacha wake, lakini ameshanunua viatu visivyo na kelele. Mzee Utaratibu amepewa onyo la maandishi. Amelikunja akalitia mfuko wa shati na kusema, "Angalau limefuata utaratibu."

Hayo ndiyo ambayo hukuyasikia.

Sasa haya ambayo hukuyasema. Yule mama mpole wa mara ya kwanza alikuwepo tena. Siku ya mwisho alimsogelea Mama akamuuliza, "Wewe ndiye wifi yake?" Mama akasema ndiye. Akamwambia kwamba barua ya Mzee Utaratibu ilipofika wizarani, wakubwa wa kampuni walitaka ipuuzwe, na kwamba wewe ulisimama mkutanoni mbele ya watu wa wizara ukasema hesabu ulizozijumlisha kwa mkono wako zilikuwa na kasoro, na ukawaonyesha wapi. Mama akamuuliza, "Kisha?" Yule mama akatazama viatu vyake, akasema gari linamngoja.

Nimeitazama bahasha yako ya mwisho. Haina nembo. Anwani ni ya nyumbani. Baba alipiga simu ile ya ofisini kwako, akapokea mtu ambaye hakumjua, akamwambia hupatikani hapo. Na ndani ya barua yako mna mvua, mna paka, mna mboga kwenye ndoo, lakini hamna kazi hata mstari mmoja, wewe ambaye hukuwahi kumaliza ukurasa bila kunung'unikia kompyuta.

Nilimwonyesha Mama. Aliisoma mara mbili, akaniambia, "Muulize wewe. Mimi nikimuuliza ataniambia hajambo." Kisha akaingia chumba cha nyuma akaanza kutoa maboksi yaliyokuwa kwenye kile kitanda ulichokuwa ukilalia. Sikumuuliza kwa nini, wala hakunieleza, lakini ameshakitandika.

Kwa hiyo nakuuliza, Shangazi, na ninaomba unijibu kwa posta ya kwanza, usinitajie paka: je, umepoteza kazi yako ili Mama abaki na yake?

Mwanao,
Chiriku